Chombo Kimelainika, Dereva Je?



Mwezi huu tutaweka kando kidogo mambo ya lishe na chanjo, tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wanaume na mafundi. Limeletwa na barua ya mama mmoja wa wilaya ya Muleba, na baada ya kuisoma naona ni jambo la familia nzima, tena ni la afya.

Mama huyo anaeleza kuwa nyumbani kwake walikusanya fedha za kahawa, wakaongeza mkopo wa kikundi cha akina mama, wakamnunulia kijana wao pikipiki mpya ya dukani ili afanye kazi ya bodaboda. Kwa pikipiki hiyo wanategemea kulipa mkopo na ada ya wadogo zake wawili. Muuzaji alimwagiza kijana asiikimbize wala kuibebesha mizigo mizito mpaka itimize kilometa 1,000. Kijana akatii. Alikwenda pole pole hata wenzake wa kijiweni wakamtania kwamba amenunua baiskeli. Sasa kilometa hizo zimetimia, oili imebadilishwa, na pikipiki imekuwa kama nyingine. Mama anaandika hivi:

"Mwanangu anasema, 'Mama, sasa imefunguka.' Na mimi nikipanda nyuma nasikia kweli imekuwa nyepesi, hata mlimani hailalamiki. Je, ni kweli injini hubadilika, au ni furaha ya mtoto tu? Na kwa nini mimi, badala ya kufurahi, naingiwa na hofu?"

Maswali ni mawili. La kwanza ni la injini na la pili ni la moyo wa mama. Nitayajibu yote mawili, maana yanakwenda pamoja.

Je, ni kweli injini hubadilika?

Ni kweli. Chombo chochote chenye injini mpya, kiwe gari au pikipiki, huwa na kipindi cha kuzoeshwa. Kipindi hicho kikiisha vizuri, mabadiliko husikika hata kwa abiria asiyejua kuendesha. Mlio hutulia, gia huingia kwa urahisi, na chombo kinaposimama huku injini ikinguruma, mtetemo hupungua. Mafuta nayo hupungua kidogo kwa safari ileile.

Tutazame kinachotokea ndani. Injini ina silinda, yaani tundu la mviringo, na ndani yake pistoni inapanda na kushuka maelfu ya mara kila dakika. Pistoni imevikwa ringi, mfano wa bangili za chuma. Kazi ya ringi ni kuuzuia moto na gesi ya juu visipenye kwenda chini, na kuizuia oili ya chini isipande kuungua juu. Ukuta wa silinda mpya ukiutazama kwa macho unang'aa, lakini kwa kioo cha kukuzia utaona mistari midogo iliyokatana. Imechorwa kiwandani makusudi ili ishike oili.

Sasa, ringi mpya na ukuta mpya havijafahamiana. Vinagusana kwenye vilele vidogo tu vya chuma, kama kifuniko kisichokaa sawasawa juu ya sufuria, mvuke ukatoka pembeni. Kadiri injini inavyofanya kazi, vilele hivyo husuguliwa, na ringi inazidi kukaa mahali pake. Kifuniko kikikaa, mvuke hautoki tena. Nguvu iliyokuwa ikipotea pembeni sasa inasukuma pistoni, na msuguano uliokuwa ukila mafuta umepungua. Huko ndiko kufunguka anakokusema kijana wako.

Lakini tusitie chumvi. Nguvu inayoongezeka ni kidogo, na siku hizi viwanda husawazisha vyuma vizuri zaidi kuliko zamani, kwa hiyo kipindi chenyewe si kirefu kama kilivyokuwa kwa wazee wetu. Wakati ule huko Uingereza wenye magari mapya walikuwa wakibandika kibao kioo cha nyuma, kuwaambia wa nyuma yao kwamba gari bado linazoeshwa, tafadhali wapite. Na sehemu ya wepesi anaousikia kijana haitoki kwenye injini hata kidogo, inatoka mikononi mwake. Mwezi wa kwanza alikuwa akiitafuta gia, na sasa anaikuta bila kufikiri. Naomba uliweke akilini jambo hilo, tutalirudia.

Pole pole, lakini si kujikokota

Hapa wengi hukosea. Wakisikia injini mpya isikimbizwe, huiacha ikinguruma uani nusu saa nzima, au huitembeza kwa mwendo mmoja wa kinyonga siku zote. Hiyo nayo ni kuiharibu. Kinachoisukuma ringi ikae vizuri kwenye ukuta ni msukumo wa gesi, na msukumo huo hupatikana injini inapofanya kazi ya wastani. Injini inayobembelezwa kupita kiasi hujipaka utando wa oili iliyoungua, laini kama kioo, na ringi huteleza juu yake bila kukaa. Matokeo yake ni moshi wa buluu na oili inayopungua kila wiki. Kwa upande mwingine, injini inayokamuliwa kabla ya wakati hupata joto kali pale vyuma vinapogusana, ikakwaruzika, na mara nyingine ikakwama kabisa.

Njia ya katikati imeandikwa kwenye vitabu vinavyokuja na vyombo. Toyota, kwa mfano, huwaagiza wenye magari yake mapya waepuke kufunga breki kwa ghafla katika kilometa 300 za kwanza, wasivute tela katika kilometa 800 za kwanza, na katika kilometa 1,000 za kwanza wasiende kasi kupindukia, wasikanyage mafuta kwa ghafla, wasikae muda mrefu kwenye gia ndogo, wala wasiende mwendo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu. Tazama vizuri agizo hilo la mwisho. Injini inataka kupanda na kushuka, na barabara zetu za Kagera zinafundisha hilo zenyewe, maana ni milima na mabonde.

Kilometa 1,000 si nyingi kama zinavyosikika. Kutoka Bukoba mjini hadi Muleba ni kiasi cha kilometa 70. Safari saba za kwenda na kurudi zinakaribia kuzimaliza. Dereva wa bodaboda mwenye wateja wengi anaweza kuzitimiza kwa wiki mbili au tatu.

Gari la huduma ya mkoba

Nilipata kulishuhudia jambo hili nikiwa abiria. Tulikuwa tukienda huduma ya mkoba vijijini kwa Land Cruiser jipya la dizeli, la namna ile inayotumika sana kubebea wagonjwa. Nyuma tulikuwa na makasha ya baridi ya chanjo, mizani ya watoto na sisi wauguzi. Dereva wetu alikuwa mzee mtaratibu. Wiki za kwanza, kila mwenye haraka alitupita kati ya Kemondo na Muhutwe, na mzee hakujali. Tulipomsihi aongeze mwendo alijibu, "Sista, gari hili bado linanyonya."

Lilikuwa gumu kweli. Springi zilituruka kwenye kila tuta, kanyagio la klachi lilimchosha mzee, na ndani mlikuwa na harufu ya rangi mpya iliyopata joto la bomba la moshi. Tulipoacha barabara kubwa pale Muhutwe na kuanza kuupanda mlima wa Kamachumu, injini ilinguruma kiasi cha kutulazimisha kunyamaza.

Baada ya huduma ya kwanza ya gari tuliupanda mlima uleule. Gia ilikuwa ileile ya pili na kona zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii tuliweza kuzungumza mpaka juu. Mmoja wetu akasema, "Mzee, sasa limekua, tukimbie." Mzee akaweka mkono kwenye usukani akasema, "Gari limekua. Mbuzi wa barabarani hawajakua." Tukacheka, lakini maneno yake yana uzito, nami nitayatumia hapa chini.

Oili ya kwanza ni kama pumba za kinu

Mama anayenunua kinu kipya hatwangi mara moja nafaka ya wageni. Hutwanga kwanza pumba, akazimwaga, maana zimebeba vumbi la mti. Oili ya kwanza ya injini ni hivyo hivyo. Imebeba unga mwembamba wa chuma uliosuguliwa katika siku zile za kuzoeana. Ikibaki, unga huo unaendelea kuzunguka na kukwaruza vile vilivyokwisha kulainika.

Pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kupata huduma ya kwanza kati ya kilometa 500 na 1,000, kila moja kwa jinsi kitabu chake kinavyosema. Siku hiyo fundi humwaga oili, husafisha au kubadilisha chujio, hukaza nati zilizolegea kwa mtetemo, na hurekebisha mnyororo, kwa sababu mnyororo mpya hulegea mapema. Oili yenyewe ni kiasi cha lita moja tu. Nawasihi akina mama mnaotunza fedha za nyumba, msiihesabu lita hiyo kama gharama ya kuahirishwa mpaka mwisho wa mwezi. Pistoni na silinda vikiharibika, mtakuwa mnalipa mkopo wa chombo kilichoegeshwa uani.

Wepesi mzuri na wepesi mbaya

Si kila wepesi ni kulainika. Abiria anaweza kuwa wa kwanza kuutambua ule mbaya, kwa hiyo sikiliza.

Injini ikipiga kelele nyingi lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani, huenda klachi inateleza. Breki ikiwa laini hadi lever inagusa mpini, au kanyagio la gari linazama mpaka chini, ni hatari, msisafiri. Usukani uliolegea, unaocheza kabla gurudumu halijageuka, nao haujalainika bali una kasoro. Moshi wa buluu unaoendelea baada ya kipindi cha kuzoesha maana yake ni oili inaungua. Kugongagonga kutoka kwenye mnyororo ni dalili kwamba umelegea au umekauka. Chombo kilicholainika vizuri hunyamaza. Kinachoanza kuongea lugha mpya kina shida.

Na gari lililotumika Japani?

Wasomaji wa mjini watauliza habari ya magari yao. Gari jipya kwa wengi wetu ni lile lililoshuka melini likiwa limekwisha kutumika Japani miaka mingi. Gari hilo ni jipya kwa jirani wanaokuja kulitazama. Injini yake ilizoeshwa zamani na mwenyewe wa kwanza, huko huko. Usisubiri lifunguke, wala fundi asikuambie kwamba ugumu wake utakwisha lenyewe. Kama ni gumu, litazamwe. Linachohitaji ni oili mpya, chujio mpya, na ukaguzi wa breki, mikanda, tairi na maji ya injini, kabla ya safari ndefu ya kwanza.

Lakini ikiwa gari la zamani limefunguliwa injini na kuwekewa pistoni na ringi mpya, hapo hesabu inaanza upya. Injini hiyo ni changa tena hata kama gari lenyewe ni la makamo. Mwulize fundi wako mambo mawili kabla hujaondoka gereji: niende namna gani, na oili ya kwanza niimwage lini. Fundi anayeifahamu kazi yake hatakosa majibu.

Hofu ya mama

Sasa nakuja kwenye swali la pili, mama mwenzangu. Hofu yako ina sababu, nami nitakueleza.

Katika kipindi cha kuzoesha, chombo kilimlinda mwanao bila yeye kujua. Mlio mkali ulimwambia kwamba anakimbia. Mtetemo wa mikononi ulimwambia apunguze. Agizo la muuzaji lilimpa jibu la kuwapa waliokuwa wakimcheka. Kilometa 1,000 zilipotimia, walinzi wote watatu waliondoka siku moja. Sasa mwendo wa 60 unasikika mtulivu kama ulivyosikika wa 40, na mwenzake akimwambia "twende", hana tena kisingizio.

Na dereva je? Injini imelainika, lakini dereva ana kilometa zile zile 1,000 tu katika maisha yake. Injini haihitaji kujifunza mbuzi, watoto wanaotoka shule, baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi isiyo na taa, wala basi linalosimama ghafla kushusha abiria. Yeye anahitaji kuyajifunza yote hayo.

Fikiri pia habari ya mvua. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Aliyenunua pikipiki mwezi wa Julai amezoea barabara kavu. Mita ya kilometa haiandiki hali ya hewa. Ikifika Novemba, wakati wa senene, na udongo mwekundu ukalowa, dereva yule aliyejiona amekomaa anakuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza tena.

Hesabu nayo haina huruma. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, chombo hupita mita 11 kila sekunde. Kwa 80, hupita mita 22. Lakini ukikanyaga breki, umbali unaohitajika ili kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Wepesi wa injini haufupishi umbali huo hata kwa hatua moja.

Nimefunga plasta miguu mingi ya vijana, hasa mfupa wa muundi, maana ndio ulio wazi zaidi pikipiki inapogongwa ubavuni. Wapo walioniambia maneno yanayofanana wakiwa kitandani: "Sista, nilikuwa nimeshaizoea." Hawakusema kwamba walikuwa hawajui. Walisema wamezoea. Mfupa wa muundi huchukua miezi kupona, na katika miezi hiyo mkopo haulali.

Hesabu ya jioni

Lipo neno moja ambalo akina mama tunapaswa kuambiana wenyewe kwa wenyewe. Mara nyingi kijana hakimbii kwa sababu anapenda upepo. Anakimbia kwa sababu ya hesabu. Kama nyumbani mmempangia fedha ya kuleta kila jioni, na leo mvua imenyesha mpaka saa tano, ataitafuta fedha hiyo kwa muda uliobaki. Ataongeza mwendo, atabeba mishikaki, abiria watatu au wanne kwa mara moja, na atakwenda usiku akiwa amechoka. Hapo pikipiki iliyolainika inakuwa mshirika wake katika haraka.

Kwa hiyo pangeni hesabu ya wiki badala ya siku, na iwe inayofikika hata kwenye wiki ya mvua. Akija jioni na kidogo, mpokee kwa uso uleule unaompokea nao akija na nyingi. Wala usimuulize kwanza fedha, muulize kwanza habari za njiani. Mtoto anayejua kwamba atapokelewa hata akiwa mikono mitupu hana sababu ya kuukimbiza mlima.

Mambo ya kukubaliana nyumbani

Kaeni pamoja, baba akiwepo, mwandike mnayokubaliana. Haya nayapendekeza:

1. Daftari la pikipiki liwe nyumbani. Andikeni kilometa za kila mara oili inapobadilishwa, na kilometa za mara ijayo.

2. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, atazame breki, tairi, taa, mnyororo na oili. Ni kazi ya dakika tano.

3. Ndani ya makazi ya watu sheria yetu inasema mwisho ni kilometa 50 kwa saa. Kwenye senta yenye watoto wengi, hata 50 ni nyingi.

4. Msimu wa mvua wa kwanza uhesabiwe kama kipindi kipya cha kuzoea. Safari hii anayezoeshwa ni dereva.

5. Kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria, na zifungwe kidevuni. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zimeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 40 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 70 hivi. Kofia iliyotundikwa kwenye kioo cha pikipiki hailindi kitu.

6. Pikipiki isiazimwe. Wakati wa kuzoeshwa marafiki hawakuitaka. Sasa imekuwa nyepesi, wataiomba.

7. Kijana awe na leseni na mafunzo. Vyuo vya VETA hufundisha udereva, na ada yake ni ndogo kuliko gharama ya mguu mmoja uliovunjika.

Ukipanda nyuma

Mama, wewe pia una sehemu yako. Usikae upande hata kama umevaa kitenge kirefu. Kaa ukitazama mbele, miguu yote kwenye vikanyagio, na upindo wa nguo uukunje mbali na mnyororo na gurudumu. Mtoto asiketi mbele ya dereva juu ya tangi. Mjamzito anayekaribia kujifungua atafutiwe gari mapema kila inapowezekana, na jambo hilo lipangwe kabla uchungu haujaanza.

Jihadhari na bomba la moshi unaposhuka, maana huunguza sehemu ya ndani ya mguu. Ukiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli, majivu wala unga. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chako, au limeingia ndani, au mwenye jeraha ni mtoto mdogo.

Neno la mwisho kwa mama wa Muleba

Mpongeze mwanao. Kijana aliyevumilia kicheko cha kijiwe kizima kwa ajili ya injini amekuonyesha kwamba ana uwezo wa kutii agizo jema. Mwambie hivyo, tena mbele ya baba yake na wadogo zake. Kisha mwambie kwamba uvumilivu uleule alioupa chuma, sasa aupe mwili wake na miili ya anaowabeba. Usinyamaze kwa kuogopa kumuudhi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na siku utakapopanda nyuma yake na kusikia upepo umezidi, mguse bega. Mkubaliane tangu leo kwamba bega likiguswa, mwendo unapungua, bila ubishi na bila maelezo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye lishe, tuzungumzie chakula cha mtoto aliyeanza kuachishwa ziwa katika nyumba yenye ndizi nyingi na maziwa kidogo. Endeleeni kuandika.